Sura ya 6: Bibi, Wajukuu na Meli ya Galveston

Familia zetu zinazoishi Texas zina shida moja ya likizo ambayo vitabu vya utalii haviigusi: watu ni wengi, na umri wao umepishana mno. Yupo mtoto wa chekechea, na yupo bibi yake wa miaka sabini na ushei aliyekuja kutoka nyumbani kwa miezi michache. Yupo kijana wa sekondari asiyetaka kuonekana akitembea na wazazi wake. Yupo mdogo wangu wa Dallas na mkewe. Yupo pia shangazi wa Minnesota, ambaye yeye na mama yangu hukutana misibani tu. Wote wakija kwangu, sisi wanawake tunashinda jikoni. Chai haijaisha kunyweka, maharage yako jikoni. Vyombo havijakauka, watu wameanza kuuliza cha jioni. Siku ya kuwasindikiza uwanja wa ndege ndipo ninapohesabu na kuona sikukaa na mama yangu tukazungumza hata saa moja.

Sura hii nimeiandikia familia za namna hiyo. Meli ya kitalii, kwa maoni yangu, inaifaa familia ya vizazi vitatu kuliko hoteli na kuliko nyumba ya kupanga ufukweni. Mchana kutwa kila mtu anakwenda zake na hapotei, kwa sababu pa kupotelea hapapo. Jioni wote wanarudi kwenye meza moja, na aliyepika si yeyote kati yao. Meza hiyo ndiyo ninayoilipia. Karatasi, vyumba, fedha na bandari nitakazozieleza hapa ni matayarisho ya kuwafikisha watu wote mezani, wazima na wenye furaha.

Galveston ni kisiwa katika Ghuba ya Meksiko, mwendo wa kama saa moja kwa gari kutoka katikati ya Houston. Faida yake kwetu ni kwamba tunaoishi Texas hatununui tiketi za ndege. Familia ikijaa kwenye magari mawili, inabaki na fedha ambazo hakuna punguzo la msimu lingeziokoa. Lakini usifike asubuhi ya safari, fika jana yake. Wakati wa baridi, hasa Januari na Februari, ukungu mzito hutanda baharini na njia ya meli hufungwa kwa saa nyingi. Meli inayorudi hungoja nje, na abiria wapya hungoja mjini. Atakayengoja akiwa amelala vizuri na watoto wamekula ataiona siku hiyo kuwa fupi kuliko aliyetoka Dallas usiku wa manane.

Kulala Galveston kuna faida nyingine, na hii naisisitiza kwa kila mzazi. Tarehe 19 Juni 1865, Jenerali Gordon Granger wa jeshi la Muungano alitangaza hapa Amri Namba 3, iliyowaarifu watumwa wa Texas kuwa wako huru. Tangazo la Rais Lincoln lilikuwa limeanza kutumika tangu 1 Januari 1863, kwa hiyo watu hawa walikaa zaidi ya miaka miwili wakitumikishwa hali sheria imekwisha kuwafungua. Siku hiyo ndiyo Juneteenth, iliyofanywa sikukuu ya taifa mwaka 2021. Mwaka huohuo ulichorwa mchoro mkubwa wa ukutani penye kona ya mtaa wa Strand na wa 22, karibu na gati za meli za kitalii. Watembeze watoto hadi pale kabla hawajaona bwawa la kuogelea. Watoto wetu shuleni huitwa Waafrika, na wakienda kwetu Bukoba, Tanzania, huitwa Wamarekani. Wanastahili kusimama mbele ya ukuta ule na kusimuliwa na mtu wa kwao, bila haraka, watu weusi wa nchi hii walipitia nini.

Karatasi kabla ya nguo za kuogelea

Karibu meli zote kubwa za kitalii zimeandikishwa nje ya Marekani, nyingi zikiwa na bendera ya Bahama au Panama. Sheria ya Marekani ya mwaka 1886 inazizuia meli za kigeni kubeba abiria baina ya bandari za nchi hii, ndiyo sababu kila safari inayoanzia na kuishia Galveston lazima ipitie nchi nyingine, kwa kawaida Meksiko. Abiria asiyejua hili hudhani anakwenda matembezi ya karibu. Kisheria ametoka Marekani, na siku ya kurudi anaomba kuingia upya. Kwa familia kama zetu, ambamo chini ya paa moja yumo raia, mwenye grinkadi, mwenye viza na mkimbizi, hili ndilo jambo la kwanza kushughulikia, kabla ya kulipa hata senti.

Raia wa Marekani, safari ikianza na kuisha bandari ileile, anaweza kupanda kwa cheti cha kuzaliwa pamoja na kitambulisho chenye picha. Mtoto wa chini ya miaka 16 anahitaji cheti tu. Hata hivyo mchukulie pasipoti. Akiugua akashushwa Cozumel, kisiwa cha Meksiko, au meli ikimwacha, atarudi kwa ndege, na ndege itataka pasipoti. Mwenye grinkadi abebe kadi yenyewe, si nakala, na pasipoti ya nchi yake.

Bibi aliyekuja kwa viza ya matembezi aangaliwe kwa makini zaidi. Fungua pasipoti yake, usome kwenye viza idadi ya kuingia. Ikiwa ni mara moja tu, alikwisha kuitumia siku aliyotua, na meli si safari yake. Ikiwa ni mara nyingi na muda haujaisha, anaweza kwenda na kurudi. Meksiko huwapokea wenye viza hai ya Marekani bila kuwadai viza yake, lakini nchi nyingine zilizomo kwenye ratiba zina taratibu zao, na kila moja inaulizwa peke yake.

Kwa ndugu zetu wakimbizi, wengi wao Wakongo na Warundi waliopewa makazi Houston, Dallas na Fort Worth, nasema hivi kwa uzito wote. Aliyekwisha kupewa hadhi ya ukimbizi anahitaji hati ya kusafiria ya mkimbizi, na aiombe miezi mingi kabla. Ambaye ombi lake la hifadhi bado linasubiri asipande meli pasipo kwanza kuonana na mwanasheria wa uhamiaji. Akitoka nchini bila kibali cha kurudi kilichotolewa mapema, huchukuliwa kuwa ameliacha ombi lake. Nimesikia watu wakiambiana kwenye sherehe kwamba meli haihesabiwi kwa sababu mtu hashuki. Inahesabiwa. Hakuna likizo inayofaa kuwekwa mizani moja na miaka ya kungoja.

Mtoto anayesafiri na mzazi mmoja, au na shangazi, awe na barua ya ridhaa kutoka kwa mzazi asiyekuwepo, iliyothibitishwa na mthibitishaji wa nyaraka. Mara nyingi haiulizwi. Ikiulizwa na haipo, mtoto anabaki gatini na aliyekuja naye anabaki pia.

Vyumba na gharama

Chumba cha bibi ndicho cha kuchagua kwanza, vingine vifuate. Awe katikati ya meli, sitaha za chini, karibu na lifti. Meli ikiyumba, omo na tezi hupanda na kushuka sana, na sitaha za juu huinama zaidi, kwa hiyo katikati na chini ndipo penye utulivu. Tazama ramani uone juu yake kuna nini. Chumba kilicho chini ya bafe au bwawa huamshwa na viti vinavyokokotwa alfajiri, na kilicho juu ya ukumbi wa muziki hakilali. Wazazi wanaweza kuchukua chumba chenye roshani na kuwapa watoto wakubwa chumba cha ndani, kisicho na dirisha, mlango kwa mlango ng'ambo ya ujia. Hicho ni nafuu kuliko chumba kikubwa cha familia, na kila upande unapata choo chake. Kampuni nyingi zinakubali mpango huo, ila uliza kwanza sharti lao la umri.

Nauli inayotangazwa siyo utakayolipa. Ongeza kodi za bandari, maegesho ya gari, soda za watoto, intaneti, matembezi ya nchi kavu, na bakshishi ya wahudumu inayokatwa kila siku kwa kila kichwa, kwa sasa kati ya dola 16 na 20. Watu sita kwa siku tano ni kama dola 500, na inafaa zijulikane mapema, zisije zikazua maneno baina ya mashemeji. Kubalianeni nyumbani nani analipia nini. Sisi kila kaya hujilipia vyumba vyake, na cha bibi huchangiwa na wanawe wote.

Ongeza bima ya safari, na kwa wazee isiwe jambo la kujadili. Zahanati ya meli inatibu vizuri lakini inatoza bei kubwa, na bima nyingi za afya za Marekani hazifiki baharini. Mzee mwenye presha akihitaji kupelekwa hospitali kwa ndege, gharama yake inaweza kuuzisha shamba.

Vifaa vinavyotoa joto vinakatazwa, yaani pasi, birika la umeme na jiko dogo. Chakula kilichopikwa nyumbani nacho kwa kawaida hakiruhusiwi, kwa hiyo maandazi yaliweni njiani. Majani ya chai na tangawizi ya unga vilivyofungwa dukani hupita. Maji ya moto na maziwa viko kwenye bafe saa zote, na Mama hujipikia chai yake pale kwa namna anayoijua mwenyewe. Kwa Waislamu, omba chakula halali kwa maandishi mwezi mmoja au zaidi kabla, kisha siku ya kwanza zungumza na mkuu wa ukumbi wa chakula. Nguruwe hutumika sana kwenye bafe, na wahudumu wa mezani huwa na majibu ya uhakika kuliko vibao.

Hofu ya maji

Mama yangu ni mtu wa Bukoba. Asubuhi ya 21 Mei 1996 MV Bukoba, ikitoka Bukoba kupitia Kemondo, ilipinduka Ziwa Victoria, karibu na Mwanza, ikiwa imejaza abiria kupita kiasi. Mamia walikufa. Karibu kila ukoo wa Kagera ulizika, au ulikosa wa kuzika. Mtu wa kizazi chake akisikia neno meli, huiona ile. Visiwani wana MV Spice Islander ya 2011, na Ukara wana MV Nyerere ya 2018. Kumwambia mzee kama huyo kwamba meli hizi ni kubwa na za kisasa hakumsaidii chochote. MV Bukoba nayo ilikuwa kubwa machoni pa waliopanda.

Kilichomtuliza Mama ni kuonyeshwa vitu na kuvishika. Baada ya Titanic kuzama mwaka 1912, mataifa yalikutana yakaandika mkataba wa usalama wa maisha baharini wa mwaka 1914, ambao umekuwa ukirekebishwa hadi leo. Mwaka 2012 Costa Concordia ilipasuka kwenye miamba ya Italia na watu 32 wakafa. Wengine ndio kwanza walikuwa wamepanda na hawakuwa wamefanyishwa zoezi lolote. Sasa sheria inataka zoezi la usalama lifanyike kabla meli haijang'oa nanga au mara tu inapoondoka. Kila abiria ana kituo chake cha kukusanyikia, na kadi yake ya chumba inachanganuliwa pale ili ijulikane amefika.

Watu wengi hulifanya zoezi hili kwa kulikimbiza ili wawahi bwawani. Ninyi lifanyeni polepole, familia nzima kwa pamoja, na bibi mbele. Tembeeni kwa miguu kutoka chumbani kwake hadi kituoni kwa ngazi, maana lifti hazitumiki wakati wa hatari. Hesabuni milango. Mwambieni mlio wa dharura ulivyo: milio saba mifupi na mmoja mrefu. Mwonyesheni mashua za kuokolea zilizoning'inia juu ya kichwa chake, na mwombeni mhudumu amwonyeshe namna ya kufunga jaketi la kuokolea. Kwa watoto ombeni majaketi ya kimo chao, na ulizeni bangili za mkononi zenye namba ya kituo. Mtoto akiwa klabu ya watoto hatari itokeapo, wahudumu wanajua wampeleke wapi. Mama aliuliza maswali mengi. Aliuliza idadi ya watu kwa kila mashua, aliuliza nani anahesabu. Kijana aliyekuwa zamu alimjibu yote kwa heshima, na usiku ule Mama alilala.

Watoto nao wabaki na hofu kidogo, ya bwawa. Meli nyingine zina walinzi wa bwawa, nyingine hazina, na hata wakiwepo jicho la mzazi halina mbadala wake. Pangeni zamu kwa majina. Likizo za familia kubwa zina hatari yake: kila mtu mzima hudhani mwingine ndiye anayemwangalia mtoto. Anayevaa nepi haruhusiwi kuingia mabwawa ya kawaida hata kwa nepi za kuogelea, basi mtafutieni sehemu ya maji ya kuchezea ya wadogo. Klabu za watoto hazina malipo mchana na wao huzipenda mno. Kwa kawaida huanzia miaka miwili au mitatu, na nyingi zinataka mtoto awe amekwisha kuacha nepi.

Meza ya saa kumi na mbili

Unapokata tiketi utaulizwa kuhusu chakula cha jioni: saa maalumu kwenye meza yenu, au wakati wowote mpendao. Wengi huchagua wakati wowote, wakidhani ni uhuru. Familia kubwa ichague saa maalumu, ile ya mapema, ambayo huwa karibu saa kumi na mbili jioni. Watoto hawajaanza kusinzia, na bibi hali chakula usiku. Hakikisheni nafasi za kaya zote zimeunganishwa kwenye mfumo wa kampuni, msije mkatawanywa meza tofauti. Meza ni ileile kila jioni na wahudumu ni walewale, na kufikia jioni ya pili wanajua nani hali samaki na nani anataka maji ya vuguvugu.

Kwetu kuna kanuni mbili tu. Mchana hakuna anayemfuata mwenzake kwa lazima, na jioni hakuna anayekosa. Kijana wa sekondari hushinda na marafiki wapya, akina shemeji hulala, mdogo wangu hukimbia sitahani. Saa kumi na mbili wote wameoga, wamevaa, wamekaa. Simu zinabaki vyumbani. Tena baharini simu iwekwe hali ya ndege tangu gatini, kwa sababu mtandao wa setilaiti wa meli hutoza pasipo kuuliza. Ujumbe wa mchana tunaubandika mlangoni kwa sumaku. Kuta na milango ya vyumba ni ya chuma, na karatasi moja yenye maneno "Bibi yuko sitaha ya 5, kwenye viti vya kivulini" inatosha kuwatuliza watu wanane.

Mezani ndipo niliposikia, pamoja na wanangu, jinsi Mama alivyosafiri usichana wake kwa meli ya Victoria kutoka Bukoba hadi Mwanza akienda chuo cha ualimu. Alilala juu ya mizigo daraja la tatu, akiwa amekumbatia sanduku la bati, na alama za vidole vya baba yake zilikuwa bado ziko kwenye rangi mbichi aliyoandikia jina lake. Mimi ni mwanawe wa kwanza na sikuwa nimewahi kuisikia. Nadhani sababu ni rahisi: nyumbani, kila hadithi ya Mama ilipofika katikati, mmoja wetu alikuwa anainuka kwenda kutazama sufuria. Hapa hakuna aliyeinuka. Wajukuu waliuliza maswali kwa Kiswahili chao kilichovunjika, naye akawajibu mpaka wahudumu wakawa wanakunja vitambaa vya meza jirani.

Watambueni wahudumu. Kwenye vibandiko vyao vya majina huandikwa nchi wanayotoka: Ufilipino, Indonesia, India, Zimbabwe. Wapo Wakenya pia. Mama alisoma kibandiko cha kijana aliyekuwa akisafisha ujia wetu, akasimama.

"Wewe ni wa Kenya?"

Kijana aliweka taulo chini. "Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Kwenu wapi?"

"Likoni, mama. Mombasa."

Tangu hapo alikuwa mtoto wetu mwingine. Watu hawa hufanya kazi kwa mikataba ya miezi mingi mfululizo, bila wikendi, na watoto wao wako mbali. Zaidi ya bakshishi inayokatwa, mpe mtu kama huyo chochote mkononi siku ya mwisho, na andika jina lake kwenye fomu ya maoni utakayotumiwa. Wakubwa wake huzisoma fomu hizo.

Bandarini

Siku ya pili ni bahari tupu, na Cozumel huonekana asubuhi ya tatu. Kwa familia yenye wadogo, fukwe za upande wa magharibi zina maji tulivu. Wenye miguu mizima wanaweza kwenda San Gervasio, magofu ya Wamaya waliomheshimu mungu wao wa kike Ixchel, aliyehusishwa na uzazi. Bibi akichoka abaki melini. Siku ya bandari meli huwa tupu na kimya, na wazee wengi huipenda kuliko zote.

Jambo la kuwa nalo macho Cozumel ni saa. Jimbo la Quintana Roo halibadilishi saa mwaka mzima. Texas hubadilisha. Kwa hiyo kiangazi saa za Galveston na Cozumel zinalingana, lakini wakati wa baridi Cozumel iko mbele kwa saa nzima. Nahodha ndiye anayeamua meli ifuate ipi, na simu ya mkononi inaweza kujigeuza yenyewe kufuata ya nchi kavu. Ongeza kwamba katika familia zetu kuna saa mbili tangu zamani. Ukimwambia bibi saa nne, anaelewa asubuhi ya kati, na wajukuu wanaelewa alasiri. Basi muda wa kurudi melini uandikwe kwa tarakimu kwenye karatasi ya kila mtu, 4:30 jioni kwa saa ya meli, yaani saa kumi na nusu, na angalau mtu mzima mmoja avae saa ya mkononi isiyojibadilisha. Meli haingoji. Itaondoka, na utaiona ikiondoka. Matembezi yaliyonunuliwa kwa kampuni ya meli yakichelewa, kwa kawaida huwasubiri wake. Ukienda kwa teksi yako mwenyewe, rudi saa moja na nusu kabla.

Baadhi ya safari za siku saba hufika pia Roatán, kisiwa cha Honduras, na kama kuna bandari moja ningependa kila familia yetu iione, ni hii. Upande wa kaskazini kuna kijiji cha Punta Gorda cha Wagarifuna, kizazi cha Waafrika waliochanganyika na wenyeji wa Saint Vincent. Waingereza waliwang'oa kisiwani kwao wakawatupa Roatán mwezi Aprili 1797, na mpaka leo tarehe 12 Aprili huadhimishwa Honduras. Wametunza lugha yao, ngoma zao na mapishi yao, na UNESCO ilitambua lugha, ngoma na muziki wao mwaka 2001. Teksi kutoka gatini inafika, ila patana bei ya kwenda, kungoja na kurudi kabla hujapanda.

Fika pale na mwanamke wa Kihaya na mwanamke wa pwani, uone. Ndizi zinatwangwa kwenye kinu cha mti kwa mchi mrefu, zikawa bonge laini, zikaliwa na mchuzi wa samaki uliopikwa kwa tui la nazi. Mihogo inakunwa, inakamuliwa maji, inaokwa mikate myembamba. Mama hakumngojea mkalimani. Aliupokea mchi. Shangazi, aliyeolewa Tanga, aliuonja mchuzi akataja kilichokosekana. Wanawake wale hawakuwa na neno hata moja la Kiswahili, nasi hatukuwa na la kwao, lakini kazi iliendelea. Binti yangu, ambaye nyumbani hupita jikoni akiwa na simu usoni, alikaa chini kwenye kigoda akaomba zamu ya kutwanga. Nunueni chakula chao, lipeni bila kubana, na kama kuna ngoma acheni watoto wacheze.

Kuhusu maradhi nitakuwa mfupi. Kichefuchefu cha bahari hutulizwa kwa kukaa katikati ya meli, kutazama upeo wa macho na kutafuna tangawizi. Dawa za dukani zimezwe kabla ya meli kuyumba, si baada, na za watoto na wazee wenye dawa nyingine ziulizwe kwa daktari kabla ya safari. Virusi vya kuharisha na kutapika huenea upesi palipo na watu maelfu, na dawa ya mikono ya pombe haiviui vizuri. Nawa kwa sabuni na maji, kila unapoingia kula.

Usiku wa mwisho masanduku huwekwa ujiani yachukuliwe. Bakiza dawa za bibi, pasipoti na nguo za asubuhi, kwa kuwa kila safari kuna mtu anayeshuka na taulo. Hakiki hesabu ya vyumba vyote usiku huo, baada ya chakula. Asubuhi foleni ya malalamiko huzunguka ukumbi. Matunda na nyama visishuke. Kwa mzee omba kiti cha magurudumu siku moja kabla, hata kama anatembea, kwa sababu foleni ya uhamiaji ni ndefu na haina viti.

Ofisa akishampitisha bibi, kazi yako haijaisha. Siku hiyohiyo fungua tovuti ya serikali yenye rekodi za I-94, uingize namba ya pasipoti yake, na usome tarehe aliyopewa ya mwisho wa kukaa nchini. Inaweza kuwa ileile aliyopewa alipotua kwa ndege, au nyingine. Hiyo ndiyo inayotawala, wala si tarehe ya viza. Ukiona imekosewa, idara ya forodha na ulinzi wa mipaka ina ofisi za kurekebisha makosa ya namna hiyo. Nenda na pasipoti yake, tiketi ya meli na bibi mwenyewe, ndani ya wiki hiyo.